Mfupa wa taya la juu umekwisha: maswali yenu kuhusu vipandikizi vya meno

Nimevaa meno ya bandia ya kuvua kwa miaka mingi. Sasa naambiwa mfupa wa juu umekwisha. Umekwenda wapi?

Mwili umeula. Jino likishang'oka, mfupa uliolishika hukosa kazi ukaanza kupungua, kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza. Kwa nyuma, juu ya magego, kuna sinasi, uwazi wenye hewa, nayo hutanuka kuja chini. Hapo mfupa huliwa juu na chini, na kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayopachikwa mfupani kushika meno ya bandia, hukosa pa kushika.

Daktari mmoja anataka kuinua sinasi, mwingine kuniwekea vipandikizi virefu vya shavuni. Nimsikilize yupi?

Waulize wote wawili: skani ya CT inaonyesha nini? Asiyeipiga asikupangie upasuaji.

Kuinua sinasi ni kutoboa kidirisha ubavuni mwa taya, kuusukuma juu utando wa ndani na kujaza chembechembe za mfupa chini yake. Kisha unasubiri, mara nyingi miezi 6 au zaidi, ndipo kipandikizi kiingie. Wakati mwingine mfupa uliobaki unatosha kukishika siku hiyohiyo. Njia ya shavuni ilianzishwa na Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, aliyemwekea mgonjwa wake wa kwanza vipandikizi vya titani mwaka 1965. Vipandikizi vya shavuni hushika mfupa wa shavu, ambao haupotei meno yanapong'oka. Vina urefu wa milimita 30 hadi zaidi ya 50. Faida yake ni kubwa: mara nyingi unapata meno ya muda ndani ya siku chache. Lakini vinapita karibu na tundu la jicho, na sinasi inaweza kuvimba baadaye. Mimi nisingekubali kufanyiwa na mtu asiyeifanya mara kwa mara.

Na kama mbele bado kuna mfupa, uliza kuhusu vipandikizi 4 vya kushika meno yote ya juu, vya nyuma vikiinamishwa kuikwepa sinasi. Nakusihi uanze na swali hilo.

Navuta sigara. Ni lazima niache?

Acha. Moshi hudhoofisha uponaji, na vipandikizi vya wavutaji hushindwa zaidi.

Natumia dawa za kuimarisha mifupa. Nizisimamishe?

Usizisimamishe mwenyewe. Mtajie daktari wa meno jina la dawa na muda ulioitumia, hata kama ni sindano ya zamani. Baadhi yake huweza kusababisha mfupa wa taya kufa baada ya upasuaji.

Naogopa kisu. Sina njia nyingine?

Unayo. Meno ya kuvua yaliyolegea huweza kujazwa upya upande wa fizi yakakaza, au kutengenezwa mapya kwa vipimo vya sasa.