Re: Kwanini tukifika chuo mazoezi yanatushinda?

Mkuu umeuliza kwanini mtu aliyekimbia mchakamchaka miaka yote ya sekondari akifika chuo anaacha kabisa, na wadau wengi hapo juu wamejibu uvivu. Mimi nakataa. Nilikuwa waziri wa michezo kwenye serikali ya wanafunzi chuo kimoja hapa Tabora, hao mnaowaita wavivu nimeishi nao.

Mchakamchaka ulikuwa na mwalimu wa zamu na fimbo yake. Chuo hakuna wa kukuamsha, kwahiyo kama hukuwahi kuyapenda mazoezi yenyewe yanakufa hapohapo. Wanaobaki wanamalizwa na macho ya watu.

Chukua baiskeli. Tabora ni tambarare na watu wanaendesha sana, mwaka wa kwanza kijana anatoka Ipuli au Isevya na baiskeli ya mzee wake anafika darasani jasho kidogo tu. Bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) likiingia anahamia kwenye boda, na sio kwamba alichoka, ni kwamba baiskeli chuoni inaonekana ya mtu aliyepigwa na maisha. Hakuna hata anayehesabu kwamba hapo kaacha mazoezi! Wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za kuushughulisha mwili kwa kiasi, na baiskeli ya kwenda na kurudi inahesabika, sio lazima uvae jezi.

Kwa dada zetu ndio balaa. Timu ya netiboli walikuwa wanatoka hosteli na kanga juu ya traki, wakifika uwanjani wanazikunja wanaziweka chini ya goli, mechi ikiisha wanajifunga tena kabla ya kupita kijiwe cha boda maana maneno ya pale yalikuwa yanaumiza. Halafu uwanja wenyewe wavulana waliushika kuanzia saa kumi mpaka giza, dada wakaachiwa saa nane, jua la Tabora la mwezi wa kumi mnalijua. Nikapigania wapewe jioni siku mbili kwa wiki, washkaji wakaninunia kweli, lakini waliojitokeza walikuwa wengi kuliko tulivyowahi kupata kwa matangazo.

Kuna hili la kujiamini pia. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika 1977 kwamba mtu hulishika jambo akiamini analiweza, na imani hiyo inakua akifanikiwa mwenyewe au akiona mtu kama yeye amefanikiwa. Nimeliona. Dada mmoja wa mwaka wa pili, mnene, alikuwa anauzunguka uwanja kwa kutembea tu, dera na raba, na baada ya muda wakawa wanamfuata watu ambao uwanjani sijawahi kuwaona. Straika wetu hodari hakuwahi kumvuta hata mmoja, walimshangilia wakarudi zao hosteli.

UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, zikikaribia ndio wote wanapotea, wanasema muda hakuna, ila ukipita vyumbani wamelala na simu, hofu ya sapu (kufeli na kurudia mtihani) imewabana. Sisi tulihamisha diskasheni tukawa tunatembea jioni, mmoja anauliza wengine wanajibu, na usiku watu wanalala vizuri. Ukitaka kuanzisha kwenu anza kama mwezi kabla, wiki ya pepa hakuna atakayekusikiliza.