Madogo mnaoenda mashuleni kuongelea asteroidi (yale mawe ya angani yanayozunguka Jua), njooni hapa kidogo

Juzi nimekaa nyuma ya darasa hapa Arusha namuangalia dogo wa timu yetu, slaidi ya kwanza dinosa anaungua, ya pili moto, ya tatu TUTAJIOKOAJE kwa herufi nyekundu. Watoto kimyaaa. Dogo anatabasamu, anajua wamemuelewa. Mi nilitamani kuingia chini ya dawati, maana nilikua najiona mwenyewe.

1. Asilimia usiitaje kama huwezi kuielezea. Hii ni yangu kabisa. Februari 2025, ile asteroidi ya 2024 YR4 mnaikumbuka, uwezekano wake wa kugonga Dunia ulianza kwenye asilimia 1 na kitu, tarehe 18 ukafika 3.1, na mi nina kipindi shule moja ya msingi upande wa Moshi. Nikaona zali. Nikaacha slaidi zote nikachora ubaoni, mwamba wa mita 60 hivi, 22 Desemba 2032, na mstari wa sehemu linapoweza kudondoka, unatokea Pasifiki unapita Amerika Kusini, Afrika, mpaka Asia kusini. Hapo Afrika nilikandamiza chaki ikakatika. Nikasema asilimia inapanda, halafu nikanyamaza, sio kwa sababu nimemaliza, ni ule mguno wa watoto ulininogea. Katoto ka darasa la tano kakanyoosha mkono: "Mwalimu, tarehe 22 si ndo baba anakuaga njiani anatoka Dar kuja Krismasi? Nimwambie mwaka huo asije?" Darasa likacheka, na mi nikacheka, kenyewe hakakucheka.

Kesho yake simu, mtoto kagoma kula, mama yake yuko ofisini kwa mwalimu mkuu, kanga imekazwa kiunoni. Mpaka naenda kuomba radhi siku chache baadae namba imeshashuka chini ya 1. Nikamwambia mama, imeshuka. Akaniangalia weee. "Kwa hiyo ulidanganya juzi au unadanganya leo?" Sikua na jibu aisee.

Jibu lilikua rahisi tu. Mgeni kapanda basi Dar, hujui anashuka wapi, inaweza kua Korogwe, Same, Himo, popote. Ukisikia Same kapita, uwezekano wa kushuka Moshi umepanda, ingawa yeye hajabadilisha chochote, ni wewe umejua zaidi. Konda akikwambia wamepita Bomang'ombe na bado amekaa, Moshi ni sifuri. Asteroidi hivyo hivyo, darubini zikizidi kuiangalia sehemu inapoweza kupita inasinyaa, na Dunia ikiwa bado ndani asilimia inapanda, siku Dunia ikibaki nje inaporomoka. Dakika mbili. Nilikua na dakika arobaini.

2. Anza na DART, lile jaribio la NASA la kusukuma asteroidi, dinosa baadae. Septemba 26, 2022 chombo kiligonga makusudi Dimorphos, asteroidi ndogo inayozunguka nyingine kubwa, na mzunguko wake wa saa 11 na dakika 55 ukapungua kama dakika 32, mtoto akijua mawe yanasukumika anapumua.

3. Chelyabinsk kule Urusi, 2013 jiwe lilipolipuka angani, waliumia watu kama 1,500, wengi vioo, mwanga unakuja kwanza watu wanakimbilia dirishani kuchungulia halafu mshindo ndo unafika. Waambie wakae mbali na dirisha, basi.

4. Asteroidi ya Apophis HAIGONGI. Aprili 13, 2029 inapita kilomita kama 32,000 juu yetu, Afrika tutaiona kwa macho, ila kumbuka Aprili ni masika na huku kwetu kuna wiki hata Kibo haionekani, sembuse jiwe la mita 340. Msiwaahidi watoto sana.

Yule mama nilikuja kukutana nae soko la Mbuyuni, nikajaribu kukata kona, akaniwahi. "Mwalimu wa mawe! Leo ni ngapi?"

"Sifuri mama."

"Haya. Nyanya nikufungie mafungu mangapi?"