Uchungu umekwisha, jiwe je?

Kaskazi ikikaza na joto la Februari na Machi likitua Mombasa, barua za wasomaji kuhusu maumivu ya ubavu huongezeka. Mwili unavuja jasho mchana kutwa, mkojo unapungua na kukolea, na madini yaliyomo ndani yake hupata nafasi ya kugandamana yakawa jiwe. Leo nimekusanya maswali ya mawe ya figo peke yake. Majina nimeyaficha, mitaa nimeiacha ilivyo.

Usiku wa manane nilishikwa na maumivu ya ubavu wa kushoto yakateremka hadi kinenani na kwenye korodani. Yakatulia kidogo, yakarudi kwa nguvu mpya. Nilitapika, nikagaragara sakafuni. Mama akasema ni ngiri, akanichua kwa mafuta. Alfajiri yakaisha yote. Ni ngiri kweli? (Dereva wa tuktuk, Bamburi)

Ngiri ina uvimbe, mwanangu. Ukikohoa au ukiinua mzigo, kitu hutokeza kinenani na mkono ukakishika. Wewe hukutaja uvimbe wowote. Umetaja maumivu yanayoanzia nyuma chini ya mbavu, yakashuka, yakapanda, yakatulia kidogo na kurudi kwa nguvu mpya, na kichefuchefu juu yake. Hivyo ndivyo jiwe linavyouma likishatoka kwenye figo na kukwama katika mrija unaoteremsha mkojo hadi kwenye kibofu. Mrija huo ni mwembamba, milimita 3 au 4 hivi. Ukizibwa, mkojo hurudi nyuma, figo hujaa, na kuta za mrija hujikaza zikijaribu kulisukuma jiwe. Uchungu mwingi hutokana na huko kujaa na kujikaza, si ncha za jiwe kukwaruza kama wengi wanavyodhani.

Hata kule kugaragara kwako ni ushahidi. Mwenye kidole tumbo hulala tuli. Kitanda kikiguswa tu, analalama. Mwenye jiwe hatulii. Siku za kazi yangu ya uuguzi nilimwona mpagazi wa bandarini, pandikizi la mtu, amepiga magoti kwenye sakafu ya mapokezi, paji la uso juu ya benchi. Anasimama, anazunguka, anarudi kupiga magoti, na katikati ya yote hayo anamtaka nesi radhi kwa kumtapikia viatu. Akina mama waliopitia uzazi na mawe pia, wengi wao wameniambia wangechagua leba.

Sasa linalonitia wasiwasi ni alfajiri yako. Huenda jiwe limedondokea kwenye kibofu, na hapo kazi kubwa imekwisha. Lakini huenda pia bado lipo palepale. Figo iliyozibwa ina tabia ya kunyamaza baada ya muda: shinikizo linapungua, mtu anarudi barabarani, na figo inaendelea kuharibika kimya kimya. Kwa hiyo nenda ukapimwe mkojo na upigwe altrasaundi, hata kama leo huumwi na chochote. Altrasaundi huonyesha vizuri figo iliyojaa, ingawa kijiwe kidogo kilicho katikati ya mrija huweza kuikwepa. Daktari akibaki na shaka atakutuma kwenye skani ya CT, ambayo ndiyo inayoyanasa karibu yote. Eksirei ya kawaida usiitegemee sana. Kuna mawe ya asidi ya uriki ambayo haiyaoni kabisa.

Nimeambiwa nina jiwe la milimita 4, nikapewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Nimedharauliwa, au ndivyo inavyokuwa? (Mama wa watoto watatu, Likoni)

Hujadharauliwa, dada yangu. Mawe yaliyo chini ya milimita 5, takriban mawili kati ya matatu hutoka yenyewe. Ya kati ya milimita 5 na 10 ni kama nusu tu, na yakipita 10 ni nadra. La kwako linaweza kuchukua wiki moja au tatu, na madaktari huwa tayari kusubiri wiki nne hadi sita mradi figo iko salama na uchungu unadhibitika.

Vidonge ulivyopewa, kama ni diklofenaki au ibuprofeni, ndivyo vinavyofaa zaidi kwa uchungu huu, kwa sababu hupunguza lile shinikizo ndani ya figo. Usivitumie kama una vidonda vya tumbo, figo zako zina hitilafu ya tangu zamani, au una mimba. Mwambie daktari akubadilishie. Wengine huongezewa tamsulosini, inayolegeza sehemu ya chini ya mrija. Hiyo husaidia zaidi mawe yaliyopita milimita 5, kwa hiyo usinung'unike ukinyimwa.

Na tafadhali usijimiminie mtungi mzima wa maji wakati maumivu yamepamba moto, ukidhani utalisukuma jiwe. Halisukumwi hivyo. Njia imezibwa; unazidi kuijaza figo iliyokwisha kujaa, na mwisho unatapika. Kunywa kiasi cha kiu. Maji mengi yana wakati wake, nami nitayafikia.

Utajuaje linashuka? Maumivu huhama kutoka mgongoni kwenda mbele na chini. Likikaribia kibofu, utabanwa na mkojo kila mara na ukienda chooni unapata matone, pengine mekundu kidogo. Kisha uchungu unakatika ghafla. Kutoka kwenye kibofu hadi nje njia ni pana zaidi, kwa hiyo hatua hiyo ya mwisho mara nyingi ni mchomo wa sekunde chache tu. Kojolea kwenye chungio kuukuu la chai (uliweke mbali na vyombo vya jikoni, nakuomba) na ukikiona kijiwe, kikaushe, kitie kwenye kichupa safi ukipeleke maabara. Aina ya jiwe ndiyo itakayotuambia ule nini na uache nini.

Kuna jambo moja ambalo halingoji mapambazuko: homa ya kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu. Huku kwetu homa ya kutetemeka hubandikwa jina la malaria kabla ya kupimwa, mtu akanunua dawa dukani na kulala. Ikiwa unajua una jiwe, homa hiyo huenda ni usaha uliofungiwa ndani ya figo, na sumu yake huingia kwenye damu kwa muda wa saa chache. Antibayotiki peke yake haitoshi. Lazima mkojo ufunguliwe njia kwa mrija. Panda feri uende hospitali usiku huo huo. Fanya vivyo hivyo ukikosa mkojo kabisa, ukitapika hata dawa zisikae, au ikiwa una mimba au figo moja tu.

Ninauza nguo Kongowea. Sinywi maji mchana kwa sababu choo ni cha kulipia, kiko mbali, na nikiondoka wateja huondoka. Je, kubana mkojo ndiko kulikonipa mawe? (Mfanyabiashara, Kisauni)

Kubana mkojo si kuzuri, huleta maambukizi, lakini mawe ya figo hayaanzi kwenye kibofu. Yaanzia juu, kwenye figo, na yaliletwa na nusu ya kwanza ya sentensi yako: hunywi maji. Watu wengi sana wa soko, wa matatu na wa kulinda milango wamo kwenye kundi lako, na siwezi kukuhubiria "kunywa maji" kana kwamba choo kimejengwa kando ya meza yako.

Lengo ni kukojoa lita 2.5 hivi kwa siku. Kwa joto letu hiyo ni kunywa lita 3 au zaidi, kwa sababu sehemu kubwa hupotea kwa jasho. Ukishindwa mchana, gawanya: bilauri mbili ukiamka kabla ya kutoka, uende chooni nyumbani; kidogo kidogo hadi adhuhuri; kisha patana na jirani wa kibanda mlindiane mali kwa zamu, mara mbili tu kwa siku. Ukifunga kazi, anza tena. Kunywa na kabla ya kulala, hata kama utaamka usiku, maana usiku ndio mkojo hukolea kuliko wakati wote. Angalia rangi: ukiwa karibu na weupe, uko sawa. Gharama ya choo inauma, najua. Kupasuliwa jiwe kunauma mfukoni zaidi.

Mtaani kila mtu anasema ni maji ya kisima, yale ya chumvi. Tuyaache? (Majengo)

Kila mtu anaona chokaa iliyoganda ndani ya birika na kuhitimisha kwamba figo nazo zimeganda hivyo. Haiendi hivyo. Watafiti wameuchunguza ugumu wa maji kwa miaka mingi bila kupata uhusiano ulio wazi na mawe. Kiasi unachokunywa kina uzito kuliko madini yaliyomo. Anayeogopa maji ya kisima kisha akanywa bilauri mbili kutwa amejidhuru zaidi ya anayeyanywa kwa wingi. Ila kama maji yanakolea chumvi ulimini hasa, yaweke ya kufua na kuogea, na ya kunywa mtafute ya mfereji siku yanapotoka. Kuhusu kisima kilicho karibu na shimo la choo, hofu yangu ni kipindupindu.

Nimeambiwa niache maziwa kwa sababu mawe ni ya kalsiamu, na niache mchicha pia. Nile nini basi? (Mwalimu, Changamwe)

Maziwa usiache. Hili ndilo kosa linaloenea kuliko yote, na hata baadhi ya wahudumu wa afya hulirudia. Mawe mengi, kama manane kati ya kumi, yana kalsiamu, na mengi ya hayo ni kalsiamu iliyoungana na oksaleti, kitu kilichomo kwenye vyakula kama huo mchicha. Ukila kalsiamu pamoja na chakula chenye oksaleti, viwili hivyo hukutana tumboni na kutoka kwa choo kikubwa. Ukiiacha, oksaleti hubaki peke yake, huingia kwenye damu, huenda kumalizia kwenye figo. Ndiyo maana chai ya maziwa inakufaa kuliko mkandaa, yaani chai isiyo na maziwa. Vidonge vya kalsiamu ni suala jingine, uliza kwanza.

Mchicha una oksaleti nyingi, kweli, na korosho na karanga pia. Lakini mchicha unaochemshwa na maji yake kumwagwa hupoteza sehemu nzuri ya oksaleti hiyo. Upike hivyo, kidogo, na ule na mtindi kando. Wa kumwekea macho hasa ni chumvi: ng'onda, achari, viazi karai vya kunyunyiziwa mara mbili. Chumvi hulazimisha figo kutoa kalsiamu zaidi kwenye mkojo. Punguza na nyama za kila siku. Ndimu kamulia kwenye maji upendavyo, bila sukari. Sitreti yake huzuia madini kugandamana. Soda zipunguze.

Ramadhani inakaribia na mwaka jana nilipitisha jiwe. Nifunge? (Old Town)

Ikiwa jiwe linakuuma sasa, wewe ni mgonjwa, na ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo ndani ya Kurani yenyewe. Ikiwa umepona, zungumza na daktari anayejua historia yako, wengi huruhusiwa. Jambo la kupanga ni maji kati ya futari na daku. Kujaza tumbo lita mbili wakati wa daku hakusaidii, maana utayakojoa yote kabla ya saa nne asubuhi. Beba chupa uendapo Tarawehe, unywe kabla na baada, unywe ukilala, unywe kwenye daku. Na daku lenyewe lisiwe la bhajia na achari.

Kuna anayeuza dawa ya kuyeyusha mawe, na mwingine anasema siki. Nani mkweli? (Mtwapa)

Mawe ya asidi ya uriki huyeyuka kweli kwa dawa ya hospitali inayopunguza ukali wa mkojo, kama sitreti ya potasiamu. Ya kalsiamu hayayeyuki kwa chochote cha kunywa. Anayekuuzia bila kujua jiwe lako ni la aina gani anakuuzia matumaini. Siki itie kwenye kachumbari.

Mwenzangu kaniambia tendo la ndoa husaidia jiwe kutoka. Naomba jibu bila kunicheka. Na kahawa tungu, je, ina neno? (Mzee, Kibokoni)

Shikamoo mzee wangu. Sicheki. Utafiti mdogo wa Uturuki uliochapishwa 2015 uliona hivyo kwa wanaume wenye mawe yaliyokwisha fika chini ya mrija. Ni mdogo mno kuwa dawa, na mtu aliyeshikwa na ubavu hana hamu ya lolote. Usimpelekee bibi kama cheti cha daktari. Kahawa tungu uliyoitaja mwishoni haina neno; wanywaji kahawa huonekana kupata mawe kidogo kuliko wengine. Kashata ndizo za kuhesabu.

Jiwe langu lilivunjwa kwa leza nikawekewa mrija ndani. Nilikuwa nakojoa damu kidogo na kubanwa kila saa, sasa nimezoea. Lazima nirudi? (Mtongwe)

Lazima, na nakuomba usisubiri hadi mwisho wa mwezi. Mrija huo huwekwa ili mkojo upite wakati uvimbe unapoa. Ule mbano na damu kidogo vilikuwa vya mrija wenyewe, na kuvizoea hakumaanishi umekwisha kazi yake. Ukisahaulika kwa miezi, madini huanza kuugandia na kujenga mawe mapya juu yake, na kuutoa kunageuka kuwa upasuaji wa pili, mgumu kuliko wa kwanza. Ukitolewa kwa wakati ni dakika chache. Tafuta karatasi yako ya kuruhusiwa. Tarehe ya kuutoa imeandikwa humo. Kama imepotea, piga simu ulikotibiwa, utaje siku ya upasuaji, wakupe nafasi.