Wasomaji Wanauliza: Mwenye Treni ya Modeli Anaweza Kudai Nini kwa Mtengenezaji?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kichwa cha treni cha skeli ya HO (yaani kidogo mara 87 kuliko treni halisi) nilichokinunua miaka tisa iliyopita. Kilikaa kabatini muda mrefu, na nilipokirudisha relini kilianza kutoa mlio wa tak-tak-tak na kurukaruka kila magurudumu yanapozunguka. Muuzaji ameniambia kwamba toleo hilo halitengenezwi tena na kwamba ni afadhali ninunue jipya. Je, mota imekufa? Na je, ninakosea kutarajia kwamba kampuni iliyotengeneza kitu cha gharama kubwa namna hii iwe na vipuri vyake?

JIBU: Mota yako haijafa, kwa kuwa mota iliyokufa haisogezi kitu. Mlio unaoongezeka kasi kadiri magurudumu yanavyoongeza kasi mara nyingi hutoka kwenye gia ya ekseli. Katika modeli nyingi gia hiyo ni ya plastiki, na nusu mbili za ekseli ya chuma zimeshindiliwa ndani yake, moja kila upande. Maana yake ni kwamba plastiki imetanuliwa kwa nguvu tangu siku ilipotoka kiwandani, hata treni inapokuwa imelala ndani ya boksi lake, mpaka siku inapochoka na kupasuka. Fungua kifuniko cha chini, toa magurudumu, kisha izungushe gia polepole chini ya taa kali. Utaona ufa mwembamba kama unywele kati ya meno mawili, na pengo la hapo litakuwa pana kuliko mengine. Jino la gia ya jirani likifika kwenye pengo hilo hugonga, na huo ndio mlio unaousikia. Usihangaike na gundi, kwa sababu plastiki ya gia za namna hii kwa kawaida ni ya utelezi na haishiki gundi.

Kuhusu swali lako la pili, hukosei hata kidogo, nami naliandika hili kama mtu aliyeumwa na nyoka huyohuyo. Niliwahi kuiandikia kampuni moja mara tatu kuomba gia mbili tu, ambazo zote kwa pamoja zingeenea kwenye kizibo cha chupa, na jibu nililopata hatimaye lilikuwa orodha ya vichwa vipya vya msimu ule. Niliishia kununua kichwa kibovu cha aina ileile ili nikichinje kwa ajili ya ekseli zake. Watengenezaji wanashindana kutuwekea vishikio vya ngazi vyembamba kama uzi na maandishi yasiyosomeka bila kioo cha kukuzia, na sisi wanunuzi, lazima tukiri, tunavishangilia. Lakini gia haionekani kwenye picha, na kwa hiyo hakuna anayeiulizia mpaka ipasuke. Ndiyo maana, kabla ya kumsifu mtengenezaji yeyote, mimi hutafuta ndani ya boksi ile karatasi yenye mchoro wa modeli iliyofumuliwa, kila kipande kikiwa na namba yake ya kuagizia. Kampuni inayoweka karatasi hiyo, na kuuza vipande vilivyoorodheshwa humo hata baada ya toleo kwisha, inastahili fedha yako kuliko ile yenye rangi nzuri zaidi.

Kuna kasoro nyingine ambayo gia mpya haitaiponya: fremu iliyosubiwa kwa aloi ya zinki iliyochanganyika na risasi kidogo kiwandani. Fremu hiyo huvimba, hupinda na mwishowe humeguka kama biskuti. Ukiona dalili hizo, dai ubadilishiwe fremu nzima.

SWALI: Mabehewa yangu ni ya kampuni tatu tofauti, na yote yameandikwa HO, lakini mengine hayashikani na mengine huacha njia kila yanapofika kwenye njia panda ya reli. Kwa nini watengenezaji hawakubaliani?

JIBU: Walikwisha kukubaliana zamani; tatizo ni kulishika agano. Chama cha NMRA cha Marekani kilianzishwa mwaka 1935 hasa kwa ajili ya viwango hivyo, na MOROP ya Ulaya, inayotoa viwango vya NEM, ilianza mwaka 1954. HO ni 1:87, na upana wa milimita 1,435 kati ya reli mbili halisi unakuwa milimita 16.5. (Waingereza wenye skeli ya OO, ambayo ni 1:76, hutumia upana huohuo ingawa kwa hesabu ungepaswa kukaribia milimita 18.8; behewa lao litatembea kwako, ila litaonekana limenenepa kando ya mengine.)

Chukua kipimo cha milimita na upime nafasi iliyopo kati ya migongo (nyuso za ndani zinazotazamana) ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Iwe takribani milimita 14.4. Ikiwa pungufu, gurudumu hugonga pale reli mbili zinapokatana na kupanda juu. Yashike magurudumu yote mawili, yazungushe kinyume huku ukiyavuta taratibu, kisha pima tena. Kuhusu viunganishi, angalia kama behewa lina kile kijimfuko cha NEM, kwa kuwa hapo unachomoa kiunganishi kimoja na kuchomeka kingine bila bisibisi. Chagua aina moja na uiweke kwenye mabehewa yote.

Kwa upande wa umeme wa kidijitali malalamiko yangu ni makubwa zaidi. Ishara inayopita kwenye reli ina kiwango cha NMRA, kwa hiyo dikoda (kile kifaa kidogo ndani ya kichwa cha treni kinachopokea amri) ya kampuni moja hutii kituo cha kutuma amri cha kampuni nyingine, lakini rimoti ya mkononi aghalabu hufanya kazi na kituo cha kampuni yake tu. Aliyeweza kuafikiana kuhusu reli angeweza kuafikiana kuhusu waya wa rimoti.

SWALI: Ninatakiwa kulipia sasa modeli itakayotoka "hivi karibuni". Nilipe?

JIBU: Toa malipo madogo ya kuweka nafasi, tena baada ya kuhakikisha kwamba yanarudishwa. Kalibu za chuma ni ghali, hivyo kiwanda hutengeneza idadi inayokaribiana na maagizo, na anayesubiri dukani anaweza kukosa. Hilo ni kweli na si hila. Lakini itazame picha ya tangazo. Ikiwa ni mchoro wa kompyuta, kalibu huenda haijachongwa bado, na "hivi karibuni" yaweza kuwa miaka miwili. Ikiwa ni sampuli ya plastiki isiyo na rangi, kazi imeanza. Ikiwa ni sampuli iliyopakwa rangi, andaa fedha zilizobaki, na umuulize muuzaji, kabla hujalipa, kama gia zake zinauzwa peke yake, bila kununua modeli nzima.