Kupata wachezaji wa D&D mnaoendana

Ndugu, nimekuelewa: kitabu cha Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani ambao kila mmoja anaongoza mhusika wake katika kisa cha kubuni) unacho, dadu unazo, ila kila kundi unalounda hapo Dar linavunjika kwa kuwa mmoja anataka mapigano tu na mwingine anataka kuigiza.

Tangazo la "natafuta wachezaji" halichuji mtu. Taja siku, saa, lugha mtakayochezea, na kama ni vita, upelelezi au maigizo. Wachezaji wanne wanatosha. Wakiwa saba, zamu yako inakukuta umesinzia.

Anzeni na kisa kifupi cha kumalizika siku hiyohiyo. Mwangalie anayewakatiza wenzake, anayezama kwenye simu mpaka aitwe, na anayeuliza, "Mhusika wako angefanyaje hapa?" Huyo wa mwisho usimwachie. Kutojua kanuni si tatizo, za msingi zipo bure mtandaoni. Ustaarabu ndio haumo humo.

Kabla ya kampeni ndefu, yaani kisa kinachoendelea kwa vikao vingi, kubalianeni yasiyoguswa: ukatili, mapenzi, dini. Na watu usiowajua usiwaite nyumbani. Kutaneni mgahawani, mchana. Rafiki anayekuja kwa kukuonea haya tu, mruhusu abaki kwake.