Ukichoshwa na Wakubwa wa Kampuni Unayoipenda

Wanaoilalamikia kampuni ya burudani kwa uchungu huwa ni wale wale wanaoipenda. Mtazamaji wa kupita njia akichoshwa hubadili chaneli, basi. Shabiki hawezi. Amekua na wahusika wale, anajua nani alichora kipi na nani aliimba wapi, ametoa pesa zake na amekesha. Halafu anatokea mkubwa mpya aliyevaa suti, anakata hapa, anapandisha bei pale, na tangazo la mabadiliko yenyewe linasema yote yamefanywa kwa faida yako. Kupungukiwa pesa kunavumilika. Kufanywa mjinga ndiko kunakouma.

Mimi ni shabiki wa aina hiyo tangu utotoni, wa katuni kwanza na baadaye wa gemu, na nimeshashiriki kampeni kadhaa za mashabiki. Nyingine zilifika mahali, nyingine zilizimika zenyewe. Haya ni yale ambayo ningependa kila shabiki mwenye hasira ayajue kabla hajaanza kuandika.

Kwanza, mjue aliyeamua. Mara nyingi hasira humwangukia mwongozaji wa filamu, mwigizaji au kijana anayeendesha ukurasa wa kampuni, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepanga bei wala kufuta kipindi. Kwenye kampuni yenye hisa sokoni, mkurugenzi mtendaji huajiriwa na bodi, na bodi, kwa kawaida, hupigiwa kura na wanahisa kila mwaka. Huko ndiko mlango ulipo.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Disney. Michael Eisner aliiongoza kuanzia 1984, na miaka kumi ya mwanzo, akiwa na Frank Wells pembeni yake, ilikuwa ya neema tupu. Wells alifariki kwa ajali ya helikopta mwaka 1994, na kadiri miaka ilivyosonga manung'uniko yakaongezeka: wachoraji wa katuni za mkono walipunguzwa kazi, na uhusiano na studio ya Pixar ukaharibika hadi mazungumzo yakavunjika Januari 2004. Roy E. Disney, mpwa wa Walt Disney, alijiuzulu kwenye bodi mwishoni mwa Novemba 2003 kwa barua iliyomtaka Eisner aondoke. Yeye na mwenzake Stanley Gold wakaanzisha kampeni ya kuiokoa kampuni, wakafungua tovuti, wakawaomba wanahisa wasimpe Eisner kura. Kwenye mkutano mkuu wa Machi 2004, kule Philadelphia, zaidi ya asilimia 40 ya kura zilimkataa Eisner. Jioni ile ile bodi ikamvua uenyekiti. Mwaka uliofuata akaondoka kabisa, kabla mkataba wake haujaisha, na mrithi wake Bob Iger akainunua Pixar mwaka 2006 kwa dola bilioni 7.4.

Mashabiki wengi hupenda kuisimulia hadithi hii kama ushindi wao. Ni nusu ya ukweli. Watu wa kawaida wenye hisa chache walikuwemo, na kelele zao zilisaidia, lakini kilichoitikisa bodi ni mifuko mikubwa ya pensheni, ukiwemo ule wa watumishi wa umma wa California, iliyotangaza kwamba haimpi kura. Na mbele ya wote alikuwapo mtu mwenye jina lililoandikwa juu ya lango. Kwa hiyo usiamini kwamba saini za mtandaoni peke yake zitamng'oa mtu kwenye kiti. Saini huwafanya wenye kura wageuke kutazama, na wakishageuka wakute hoja inayoeleweka.

Hoja inayoeleweka. Hapa ndipo kampeni nyingi hufia. Watu wana hasira ya kweli, lakini ukiwauliza wanataka nini, kila mmoja anasema lake: mwingine anataka mkurugenzi afukuzwe, mwingine anataka hadithi iandikwe upya, mwingine ana ugomvi na mwigizaji. Kampuni inasubiri tu wagombane wenyewe.

Mwaka 2017 wachezaji wa gemu walifanya kinyume chake, na nilijifunza mengi kwa kuwatazama. Kampuni ya EA ilikuwa karibu kuitoa Star Wars Battlefront II, gemu ambalo mtu analinunua kwa bei kamili kisha anakuta wahusika wakubwa wamefungiwa hadi acheze muda mrefu akusanye pointi. Pembeni kukawa na masanduku ya bahati nasibu ya kununuliwa kwa pesa halisi, yanayompa mnunuzi nafasi ya kuwatangulia wenzake. Wachezaji hawakutukana tu. Walikaa wakapiga hesabu: pointi 60,000 za kumfungua Darth Vader, gawanya kwa zinazopatikana kila mechi, jumla kama saa 40 kwa mhusika mmoja. Hesabu ile ilisambaa kwa sababu hata mtu asiyecheza gemu aliielewa. Kampuni ilipojitetea kwenye jukwaa la mtandaoni la Reddit, jibu lake lilipigiwa kura za kukataliwa zaidi ya 600,000. Muda mfupi baadaye bei ya wahusika ilikatwa kwa asilimia 75, na usiku wa kuamkia siku ya kutoka rasmi, mauzo yote ya ndani ya gemu yakazimwa. Yaliporudi mwaka uliofuata yalihusu mapambo tu.

Mimi mwenyewe niliwahi kutumia njia hiyo kwa udogo wake. Kampuni moja ya gemu, ambayo sitaitaja, iliondoa sehemu ya mchezo tuliyokuwa tumeshailipia, kisha ikairudisha sokoni kama bidhaa mpya. Kwenye kundi letu watu walichemka. Nilikaa nikaandika barua fupi kwa huduma kwa wateja: tarehe niliyonunua, namba ya risiti, maneno yaliyokuwa kwenye ukurasa wa mauzo siku ile (nilikuwa nimeyahifadhi kwa picha), na ombi moja tu, nirudishiwe pesa ya sehemu iliyoondolewa. Jibu la kwanza lilikuwa lile la mashine, la kunishukuru kwa kuwa mteja wa thamani. Nikairudisha barua ile ile, neno kwa neno, nikiongeza sentensi ya kuomba isomwe na msimamizi. Pesa ilirudi. Wenzangu waliichukua barua ile, wakabadili tarehe na namba za risiti, nao wakarudishiwa. Tangu hapo sinunui chochote cha kampuni yoyote bila kupiga picha ukurasa wa mauzo, na nakusihi ufanye hivyo. Ahadi zilizoandikwa mtandaoni hubadilishwa usiku, na asubuhi huna cha kuonyesha.

Sasa niseme jambo linaloniuma zaidi. Kelly Marie Tran, mwigizaji wa filamu za Star Wars, aliondoa picha zake zote Instagram mwaka 2018 baada ya miezi ya matusi, kosa lake likiwa ni kuigiza alichopewa kuigiza. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyekosa usingizi kwa matusi yale. Yalimpiga mtu asiye na mamlaka yoyote. Hata kampeni ya haki ina watu inaowaumiza. Trela ya filamu ya Sonic, mhusika maarufu wa gemu, ilipotoka mwishoni mwa Aprili 2019, mashabiki waliukataa uso wa mhusika, na wakasikilizwa: filamu ikaahirishwa hadi Februari 2020, Sonic akachorwa upya, akapendeza. Lakini kuchora upya ni kazi ya mikono ya watu. Studio ya MPC ya Vancouver, iliyokuwa miongoni mwa walioifanya kazi ile, ilifungwa Desemba 2019, kabla filamu haijaingia kwenye majumba ya sinema. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Sisemi usilalamike. Ninasema barua yako imtaje aliyeidhinisha, na imwache aliyechora.

Halafu kuna wanaokula kwa hasira yako. Zipo chaneli zisizoishi ila kwa kutangaza kila wiki kwamba studio fulani imekufa. Zikose hasira, zikose watazamaji, kwa hiyo habari njema hazizisemi. Wapo pia wawekezaji wanaojifanya sauti ya mashabiki wanapotaka viti kwenye bodi. Nelson Peltz alijaribu kupata nafasi Disney na akashindwa kwenye kura ya Aprili 2024. Aliyoyasema mengine yalikuwa na uzito, lakini anachotafuta mwekezaji ni bei ya hisa kupanda. Ukimuunga mkono, jiulize bei hiyo itapandishwa kwa kukata nini.

Na usitegemee kwamba mkubwa akiondoka tatizo linaondoka naye. Hili ndilo lililowachanganya wengi. Chini ya Bob Chapek, aliyemrithi Iger, Disney iliacha mfumo wa FastPass, uliokuwa ukiwaruhusu wageni wa bustani zake kupunguza foleni bila malipo tangu 1999, na mwaka 2021 ikaleta wa kulipia. Chapek alipoondolewa tarehe 20 Novemba 2022 na Iger kurudishwa, mashabiki walishangilia. Baadhi ya mambo yalirekebishwa kweli: maegesho ya usiku kwenye hoteli za Florida yakawa bure tena, na masharti ya kuweka nafasi yakalegezwa. Lakini foleni ya kulipia ilibaki, ikabadilishwa jina mwaka 2024. Na Mei 2023, chini ya Iger huyo huyo, makumi ya filamu na vipindi viliondolewa kwenye huduma zake za kutazama mtandaoni, kikiwemo Willow kilichokuwa hakijamaliza hata mwaka tangu kianze.

Sababu ilikuwa kwenye hesabu. Kitengo cha huduma za mtandaoni kilipata hasara ya karibu dola bilioni 1.5 katika robo mwaka moja tu ya 2022. Pengo la ukubwa huo lingembana yeyote atakayekaa kwenye kile kiti, na mahali rahisi pa kuzibia ni mfuko wa mtu anayerudi kila mwaka, yaani wewe. Ndiyo maana nasoma ripoti za robo mwaka, hata mimi nisiye na hisa. Ni hati za wazi, na kurasa zake za mwanzo hukuonyesha pesa inatoka wapi na inavujia wapi. Nikishaona, barua yangu hubadilika. Siandiki tena kwamba wameua utoto wangu. Naandika kwamba nililipia huduma kwa ajili ya kipindi fulani, kimeondolewa, na sitalipa tena mpaka kirudi au kiuzwe kwenye diski.

Diski, kwa kweli, ni ushauri wangu kwa kila kitu unachokipenda kiasi cha kutaka kukirudia uzeeni. Kilicho kwenye rafu yako hakifutwi na kikao cha bodi.

Ukifikia kuondoka, ondoka kwa njia inayohesabika. Usinunue kabla bidhaa haijatoka, maana mauzo ya awali ndiyo huwapa wakubwa ujasiri wa kutoa kazi mbovu. Sitisha malipo siku ile ile yanapotangazwa mabadiliko, usisubiri mwisho wa mwaka, ili kushuka kwa namba kuangukie karibu na uamuzi wao. Ukurasa wa kusitisha huuliza sababu. Usichague "nyingine" ukaacha kisanduku kitupu. Taja badiliko lenyewe na tarehe yake. Kisha fuatilia ripoti inayofuata. Netflix iliacha kutangaza idadi ya wanachama wake kila robo mwaka kuanzia 2025, kwa hiyo huko usitafute idadi ya watu. Tazama mapato, na ulinganishe na bei iliyopandishwa. Mapato yakiwa yamekua kidogo kuliko bei, huenda kuna watu wameondoka pamoja na wewe.