Noti za Ujerumani Mashariki zilizokutwa sandukuni

SWALI: Marehemu baba alisoma Leipzig miaka ya 1980. Sandukuni mwake hapa Unguja tumekuta noti za marki 10, 20 na 100 za Ujerumani Mashariki, zimeanza kuota madoa ya kahawia. Benki itazibadilisha? Na kuna mtu ananiuzia ya marki 500. Ni ya kweli?

JIBU: Mungu amrehemu mzee. Benki, hapana: noti hizo zilikufa Julai 1, 1990, marki ya Magharibi ilipoingia Mashariki. Sasa ni mali ya wakusanyaji tu, na zilizotumika bei yake ni ndogo kwa kuwa zimebaki nyingi.

Soma kwanza jina la benki. Palipoandikwa Deutsche Notenbank ni toleo la 1964. Staatsbank der DDR (DDR ni kifupi cha jina la Ujerumani Mashariki) ni la 1971 na 1975. Mshairi Goethe yumo kwenye 20 ya matoleo yote mawili, hapo ndipo watu hujichanganya. Kisha hesabu tarakimu za namba: katika toleo la pili zipo za tarakimu sita na za saba, na katalogi huzitenga.

Sasa igeuze ile 10 ya 1971. Mbele yupo Clara Zetkin, mkomunisti na mtetezi wa haki za wanawake. Nyuma, mwanamke kwenye mitambo ya kuongozea kinu cha nyuklia cha Rheinsberg. Ndiyo siasa yenyewe hiyo: fundi wa kike mahali ambapo wengine wangeweka mfalme. Marki 100 ina Marx, na nyuma yake Palast der Republik, jengo la bunge la Ujerumani Mashariki mjini Berlin, lililofunguliwa 1976 ilhali noti imeandikwa 1975. Leo halipo, limebomolewa.

Hiyo 500 ilichapwa 1985, isitolewe kamwe itumike. Akikwambia babu yake alilipwa mshahara nayo, ondoka. Baada ya 1990 shehena ya noti ilifukiwa kwa kokoto kwenye mahandaki karibu na mji wa Halberstadt, Ujerumani Mashariki ya zamani. Wezi wakaingia wakaiba baadhi, za 500 zikiwemo, na mwaka 2002 zilizobaki zikachomwa. Kwa hiyo ya kweli inaweza kunuka ukungu, lakini haitakuwa na uchakavu wa kupita mikononi. Itazame kwa lenzi ya mara 10: mistari ikiwa ni vitone vitone vya rangi, hiyo ni kopi ya printa.

Madoa yenu ni ya unyevu. Tenga zilizoathirika, zianike kivulini penye hewa, kisha pangusa ukungu kwa brashi laini kavu, umevaa barakoa. Usizioshe, wala usizipige pasi: pasi hulaza karatasi ikang'aa, na mnunuzi mzoefu huona akiinamisha noti kwenye mwanga. Usitumie mifuko laini ya PVC, ile yenye harufu ya plastiki mpya. Hutoa mafuta na asidi vinavyong'ang'ania wino. Tafuta ya poliesta, mmoja kwa kila noti, ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana na vipakiti vya silika, punje zinazofyonza unyevu. Unyevu ukae asilimia 40 hadi 50. Kwa hewa ya Unguja, silika itabadilika rangi upesi. Ikibadilika, weka mpya.